Picha za gesti: folda au databesi?

Wenzangu mnaotengeneza mifumo ya gesti na hoteli huku Unguja, mie jibu langu ni hili: picha tieni kwenye folda, databesi ibaki na jina la faili tu. Na sisemi hivi kwa ajili ya spidi, nasema kwa ajili ya bekapu.

Niliitwa kuangalia mfumo wa gesti moja Paje, picha za vyumba zinatoka nusu, juu unaona chandarua na dirisha, chini kijivu tupu. Kumbe zilitiwa kwenye databesi ya MySQL, kwenye kolamu ya BLOB (aina ya kolamu inayotiwa faili zima kama picha), na BLOB ya kawaida ya MySQL mwisho wake baiti 65,535, picha zenyewe zina KB mia na kitu, na ile strict mode (inayokataa data iliyozidi kipimo) ilikuwa imezimwa, basi MySQL ikawa inakata kinachozidi na kutoa onyo tu ambalo hakuna anayelisoma. Ukiweka MEDIUMBLOB, yaani BLOB kubwa zaidi, unafika MB 16, picha haikatiki tena, ila zilizokwishakatwa hazirudi, lazima zipandishwe upya.

Lakini tatizo kubwa liko pale pale. Bukingi na bei za gesti nzima ni data ndogo, unaidampu (unaitoa yote kwenye faili la bekapu) mara moja imekwisha, sasa ukichanganya na picha kila usiku unabeba magigabaiti yale yale, picha ya bwawa haijabadilika tangu mwaka jana lakini inabebwa tena, na wengi wetu bekapu tunaishusha kwa bando la simu! Zikiwa kwenye folda, rsync (programu ya kunakili mafaili) inachukua mpya na zilizobadilika basi. Halafu Nginx (seva ya wavuti) inampa mgeni faili moja kwa moja bila kuisumbua PHP (lugha iliyoandikiwa mfumo) wala databesi.

Vipicha vidogo kuvitia kwenye databesi, hapo sibishi. Utafiti wa Microsoft wa 2006 ulionesha chini ya KB 256 databesi inafanya vizuri zaidi, juu ya MB 1 folda inashinda, ingawa walipima SQL Server (databesi ya Microsoft) na NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) kwa hiyo msizichukue namba hizo kama sheria. Mfano app ya kusajili wakulima wa karafuu Pemba, huko shamba mtandao hamna, saini na kipicha cha uso tia humo humo kwenye SQLite (databesi ndogo inayokaa ndani ya app), kila kitu kiko kwenye faili moja.

Na jamani, kopi ya pasipoti ya mgeni SIO picha ya chumba. Usiitie ndani ya public_html (folda ya tovuti inayofikika kwa brauza) eti kwa vile jina la faili ni gumu kubahatisha, linki ikivuja imevuja, yeyote anaifungua. Iwe kwenye folda ya nje isiyofikika kwa brauza, programu ikague kwanza nani kaingia na ana ruhusa gani ndo iitoe.

Majina ya faili yatoe mfumo wenyewe, maana simu kibao zina IMG_0001.jpg na ya pili itaifuta ya kwanza. Kuingiza, andika faili kwanza ndo rekodi. Kufuta, anza na rekodi ndo faili. Umeme ukikatika katikati kitakachobaki ni faili lisilo na mwenyewe kwenye diski, hilo utalifagia baadaye kwa skripti, lakini mgeni hatofungua chumba akakuta picha haipo.