Kuikumbuka kota ambayo haikuwa yetu

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kawaida mtu mzima kuulilia mji wa kampuni ambao hakuwahi kumiliki hata tofali lake moja, na kama urudi kuuona au uachane nao. Nilizaliwa kota, nikakulia kota, nikaondoka na miaka 17. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kwetu saa ilikuwa king'ora. Kikilia alfajiri, wa zamu ya usiku wanarudi, wa asubuhi wanatoka, wanapishana njiani wakisalimiana. Baba akiwa zamu ya usiku, mchana tulicheza mbali na dirisha lake. Mtoto akipiga kelele, mama yeyote aliyekuwa karibu alimnyamazisha, maana wiki ijayo angekuwa mume wake aliyelala. Mpaka leo nikipita penye mtu aliyelala mchana, navua viatu bila kufikiri.

Nyumba zote zilikuwa ramani moja. Ukiingia kwa rafiki gizani, mkono uliifikia swichi wenyewe. Ila zilipangwa kwa vyeo: mameneja juu penye miti, mafundi katikati, vibarua chini karibu na mtambo, lilikotua vumbi. Mtoto wa miaka sita alikijua cheo cha baba wa mwenzake kwa namba ya nyumba. Hilo silikumbuki kwa raha, na huwa naumia tukihadithiana utoto wetu kana kwamba halikuwepo.

Baba alipostaafu, ikaja barua: miezi mitatu, turudishe funguo. Akaja mtu na orodha, akahesabu mabomba, vitasa na taa. Miti aliyoipanda mama haikuwa kwenye orodha. Tukahamia nyumba iliyojengwa kwa kiinua mgongo, na bili ya kwanza ya maji ilipofika mama aliishika mkononi muda mrefu. Miaka yote ile maji, umeme, zahanati, hata fundi wa kubadili balbu, vyote vilitoka sehemu moja.

Ndiyo maana nadhani huzuni yetu ina uzito wake. Mwenye kwao kijijini hupoteza kazi akabaki na nyumba. Sisi vyote vilifungwa kwenye uzi mmoja. Ukubwani nilisoma habari za Pullman, mji uliojengwa karibu na Chicago kuanzia 1880 kwa ajili ya watengenezaji wa mabehewa ya reli. Biashara ilipodorora, kampuni ikapunguza mishahara lakini kodi za nyumba ikaziacha palepale, na 1894 ukazuka mgomo mkubwa. Mahakama ya juu ya jimbo la Illinois ikaamua 1898 kwamba kampuni iachane na umiliki wa nyumba zile. Niliposoma nilimwona baba na barua yake mkononi.

Nilirudi baada ya miaka mingi. Getini mlinzi akaniuliza, "Unamwona nani?" Sikuwa na jina la kumpa. Nikamtajia namba ya nyumba, akanitazama kwa huruma. Niliruhusiwa kupita barabara kuu tu. Majengo yapo, na nashukuru, maana wengine hawana hata hayo: Kolmanskop, mji wa almasi kule Namibia, ulihamwa kabisa kufikia 1956 na mchanga umejaa vyumbani. Lakini nilirudi nyumbani mpweke kuliko nilivyokwenda.

Kwa hiyo nenda, ila usiende peke yako, na usianze na safari. Sisi tuliokua pamoja tulitafutana kwa simu, mmoja akimtaja mwingine. Kisha tukachora ramani ya kota kwenye karatasi kubwa, kila mtu akajaza nani aliishi nyumba ipi, nani alihamia baada yake. Kuna usiku tulibishana saa mbili nzima juu ya nyumba moja ya pembeni, na sikumbuki lini nililala vizuri vile. Anza na yenu, kisha jirani wa kushoto na wa kulia. Majina yatakuja.