Mwanangu Karani, Usiitishe Kura

"Mulembe, mama. Kamati ya uteuzi imenitaja kuwa karani wa mkutano wetu wa mwezi, na mkutano umeridhia. Jumamosi tuna suala la ploti ya kanisa. Watu wamegawanyika, na wazee wengine wananishauri niitishe kura tulimalize. Wewe ulifanyaje?"

Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu wiki iliyopita, kutoka kwa kijana wa huku kwetu magharibi mwa Kenya. Nilimjibu kwa ufupi kwamba asiitishe kura. Sasa naandika kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa kila Rafiki, yaani Quaker, aliyekalishwa kwenye kiti cha karani, yule anayeongoza mkutano na kuandika uamuzi wake, akiwa na hamu ya kuona kanisa lake linasonga mbele. Najua mko wengi, na najua mnaharakisha.

Marafiki hatuhesabu mikono. Jambo huanzia kijijini, likapanda mkutano wa mwezi, likaenda mkutano wa robo mwaka, tunaouita robo mwaka tu, na likiwa zito hufika mkutano wa mwaka, ulio juu ya yote. Katika kila ngazi tunaomba, tunasikilizana, tunanyamaza, kisha karani anaandika kile anachoona mkutano umeongozwa kukikubali na kukisoma kwa sauti mbele ya wote. Wamisionari Wamarekani Chilson, Hole na Hotchkiss walipofika Kaimosi, huku huku magharibi, mwaka 1902 walikuta watu ambao tayari walijua kukaa chini wakazungumza mpaka jambo likaeleweka, kwa hiyo utaratibu huu haukuwa mgeni sana kwa babu zetu. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki ulianzishwa mwaka 1946, na mwaka 1964 misheni ikaukabidhi mali yake. Tangu hapo ardhi, shule na hospitali zimekuwa mzigo wetu wenyewe, na ugomvi wa ploti pia ni wetu wenyewe.

Sasa niwaeleze yaliyonipata.

Nilianza kama karani mwandishi, nikiwa mwanamke pekee kwenye meza ile ya mbele. Robo mwaka yetu ilikuwa na ploti kando ya barabara. Upande mmoja ulitaka maduka ya kupangisha, kodi ilipe mchungaji. Upande mwingine, akina mama wengi wakiwemo, ulitaka chekechea, kwa sababu watoto wadogo wa vijiji viwili walikuwa wanavuka barabara kuu kwenda kusoma. Mkutano wa kwanza haukukubaliana. Wa pili pia. Wa tatu, mkubwa mmoja ambaye sitamtaja alisimama akasema tumechoka, tuhesabu mikono. Ikahesabiwa. Maduka yakashinda.

Niliandika kilichotokea kama kilivyotokea: kwamba mkutano haukuwa na nia moja, na kwamba mikono ilihesabiwa. Nilipoletewa kitabu cha kumbukumbu mkutano uliofuata, ukurasa wangu haukuwemo. Palikuwa na mwandiko wa mtu mwingine, wino wa bluu juu ya mistari mipya, ukisema mkutano "uliridhia kwa moyo mmoja". Nilipouliza niliambiwa sina heshima kwa wazee. Mwaka ule ule nikapumzishwa. Miaka imepita na bado linaniuma, siwezi kusema uongo. Si kiti nilichokililia. Kiliniuma kile kitabu, maana mjukuu wa mtu atakifungua siku moja aamini kwamba bibi yake alikubali.

Na maduka? Hayakupanda hata kozi ya tatu ya matofali. Kijiji kimoja kiliacha kuleta mchango wake. Akina mama waliendelea kuja Jumapili kuabudu, lakini Jumamosi ya shughuli viti vyao vilikuwa wazi. Huwezi kujenga na watu uliowashinda. Sisi Marafiki wa Kenya tungepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwaka 1973 wenzetu wa Elgon walijitenga na mkutano wa mwaka uliokuwa mmoja, na leo mikutano ya mwaka nchini ni mingi. Mingine ilizaliwa kwa sababu watu waliongezeka na safari ilikuwa ndefu, jambo la kumshukuru Mungu. Mingine ilizaliwa na hasira.

Baadaye robo mwaka ile ile iliniita tena, safari hii kuwa karani msimamizi. Nasema kwa shukrani na ndiyo, kwa fahari: lile suala la ploti tulilimaliza, na hakuna mkono ulioinuliwa.

Kazi kubwa haikufanyika mkutanoni. Ilifanyika majumbani. Mimi na mzee mmoja aliyekuwa upande wa maduka tulitembea pamoja nyumba kwa nyumba, kwa waliokubaliana nasi na kwa waliotukasirikia. Tuliketi, tukanywa chai, tukasikiliza. Katika nyumba moja tulisikia lililokuwa limefichika muda wote: watu hawakupinga chekechea, waliogopa kwamba fedha zitasimamiwa na wale wale ambao hesabu zao za zamani hazikuwahi kusomwa mbele ya mkutano. Hakuna aliyekuwa tayari kulisema hilo kwa sauti kanisani. Kwenye kiti cha jikoni lilisemwa mara moja.

Jumamosi ilipofika tuliimba, tukaomba, tukanyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Watu wakazungumza mmoja mmoja, na kati ya mtu na mtu niliacha nafasi. Nilipoona nia ya mkutano inajikusanya, nikainamisha kichwa nikaandika pale pale, wao wakiimba ubeti mmoja. Nikasoma: mkutano umeridhia chekechea ijengwe kwanza, na vyumba viwili vya mbele vipangishwe. Mama mmoja mzee aliyekuwa nyuma kabisa akasimama. "Karani, umeandika fedha, hujaandika zitakaa kwa nani wala zitasomwa lini." Alikuwa na haki. Nikaongeza kwamba zitakaa kwa mweka hazina wa akina mama, na hesabu itasomwa kila robo mwaka kabla ya ajenda nyingine yoyote. Nikasoma tena. Wazee wawili walisema bado wangependa maduka, ila hawatazuia, na nikaandika hilo pia. Ukurasa ukatiwa sahihi kabla mtu yeyote hajatoka mlangoni. Watoto wanasoma pale sasa.

Wengine wataniambia kusubiri kwetu ni uzembe uliovalishwa maombi. Siwapuuzi. Mwaka 1688 Marafiki wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika barua kupinga utumwa wakaipeleka mkutano wa mwezi. Mkutano wa mwezi ukaona ni zito, ukalisukuma robo mwaka. Robo mwaka ikalisukuma mkutano wa mwaka, na huko likawekwa kando. Ngazi ni zile zile tulizonazo leo. Ni mwaka 1776 ndipo Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulipowakataza washiriki wake kumiliki watumwa. Miaka 88! Na walioilipia subira hiyo hawakuwa wale waliokaa kwenye viti vya mkutano. Walikuwa watumwa wenyewe. Kwa hiyo karani, kila mara jambo linapoahirishwa, uliza kwa sauti: ni nani anayeumia tukiendelea kungoja? Kwetu walikuwa wale watoto waliovuka barabara kuu, na swali hilo ndilo lililowalainisha wazee wengi kuliko hoja yoyote.

Lakini tazama pia jinsi lile jambo la utumwa lilivyosogea. John Woolman, Rafiki wa New Jersey, hakukaa akingoja. Alisafiri akiwatembelea Marafiki waliokuwa na watumwa, akiwasihi majumbani mwao, na alipokaribishwa alisisitiza kuwalipa watumwa waliomhudumia. Mwaka 1758 aliposimama kuzungumza huko Philadelphia, wengi waliomsikiliza walikuwa wameshamfahamu kwa ziara hizo. Mkutano ule uliwateua Marafiki wakawatembelee wenye watumwa. Kutembelea tena. Ndugu zangu, hatuna njia nyingine. Karani asiyetembelea watu atabaki kuhesabu mikono.

Huduma zetu nyingine zote zinakwenda hivyo hivyo. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Marafiki kutoka mikutano mbalimbali ya mwaka walikutana Kakamega. Hawakuwa wote wa upande mmoja wa siasa, na bado waliketi, wakasikilizana, wakatoka na kauli ya pamoja na kazi ya pamoja. Timu za amani zilizofuata zilikwenda kwenye kambi za waliofurushwa na kwa majirani waliowafurusha, zikisikiliza pande zote mbili. Huduma ya akina mama, ya vijana, ya magerezani, ya hospitali zetu za Kaimosi na Lugulu: ukiona imedumu, fungua kitabu, utakuta kuna kumbukumbu inayosema nani atafanya nini na ataripoti lini. Ukiona imekufa, mara nyingi utakuta ilitangazwa kwa shangwe tu, haikuandikwa. Tunapenda mno kutangaza! Tunainua harambee, tunapiga makofi, na robo mwaka inayofuata hakuna anayekumbuka fedha alipewa nani. Mungu hatuiti kwenye shangwe hiyo. Anatuita kuwa waaminifu katika kidogo, hata katika mstari mmoja wa kitabu cha kumbukumbu.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya Jumamosi nenda kwa yule unayemwogopa zaidi. Usiende peke yako, nenda na mtu wa upande wake. Sikiliza kuliko unavyosema. Mkutanoni, kimya kikija usikikimbize kwa wimbo. Andika pale pale, soma pale pale, rekebisha pale pale, tia sahihi pale pale. Nimelirudia kwa makusudi, maana kumbukumbu inayokwenda kuandikiwa nyumbani si ya mkutano tena. Wazee wakikusukuma uitishe kura, waambie kwa heshima kwamba mkutano umekupa kazi ya kusikiliza, na kazi hiyo hujaimaliza.

Na jioni ikifika kabla ya nia moja kupatikana, usiogope kuandika hivi: "Mkutano umesikiliza suala la ploti na haujafikia umoja. Umewateua Marafiki wawili, mmoja kutoka kila upande, kuwatembelea washiriki na kuripoti mkutano wa mwezi ujao." Jaza majina yao pale pale, soma kwa sauti, ukiitikiwa weka sahihi, kisha nenda kwenye ajenda inayofuata.