Kiingereza Kinapokwama Kooni: Maswali ya Wanachuo

Niko mwaka wa kwanza hapa Moshi. Kuandika naweza, ila nikisimama kutoa presentesheni maneno yanapotea. Nifanyeje?

Hayapotei, ni kwamba hayajawahi kukaa mdomoni. Tangu kidato cha kwanza umejibu mitihani kwa kalamu. Mdomo haukupewa kazi. Halafu unakariri karatasi nzima, kwa hiyo likikutoka neno moja, yote yanakatika. Andika kadi moja yenye maneno 6 hadi 8 ya kukukumbusha, simama, simulia kwa sauti mara 5, kila mara kwa sentensi tofauti. Mara ya tatu jirekodi kwa simu. Sentensi 2 za kufungulia ndizo pekee za kukariri, maana hofu hukaba zaidi pale mwanzoni. Dakika 10 zinatosha maneno kama 1,200. Mkileta 2,500 mtakimbia, na anayekimbia humeza miisho, "asked" ikasikika "ask".

Mbona nachanganya "he" na "she"?

Kwa sababu "yeye" yetu haibagui mume na mke, nawe unatunga kwa Kiswahili ndipo utafsiri. Simulia habari za mama yako kwa Kiingereza kwa dakika 2, kisha za baba yako. Ukikosea, rudia sentensi nzima, si neno lile tu.

Naomba kitabu cha kujua Kiingereza kwa mwezi mmoja.

Hakipo. Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi, tafadhali someni kwanza ndipo muulize. Na bumu lako, yaani pesa ya mkopo wa chuo, usimpelekee anayekuahidi hivyo.

Nizoee kwa kuongea na watalii pale Mnara wa Saa, Arusha?

Utapata salamu na bei. Lugha ya semina iko kwenye semina.

Nijifunze lafudhi ya Kimarekani?

Hapana, na wanaowacheka wenzao kwa lafudhi ya Kichaga au Kimeru waache, wanawafunga watu midomo. Shughulikia yale yanayopoteza maana. Kiswahili kina irabu 5 tu, ndiyo maana "ship" na "sheep" tunazitamka sawa. Inatakiwa ya kwanza iwe fupi na legevu, ya pili ndefu, midomo ikitanuka. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho; wa Kiingereza huhama. "Development" hukazwa kwenye "ve", wengi wanakaza "lop". Ama "th" inayowasumbua wengi, mnayo tayari: ya "think" ni ya "thamani", ya "this" ni "dh" ya "dhahabu". Anayesema "samani" akikusudia "thamani" atasema "sink" akikusudia "think". Anza kunyoosha Kiswahili chako, usikidharau.

Wenzangu wananicheka. Naogopa kuuliza swali darasani.

Tafuta wawili au watatu wenye nia, dakika 20 kila jioni hosteli. Mmoja aeleze somo la siku hiyo, asikatizwe. Akimaliza, asahihishwe makosa 2 tu, yaliyoficha maana. Swali la darasani liandike kwa maneno yasiyozidi 12, liseme mara 3 kwa sauti ya chini, kisha nyoosha mkono mapema, kabla mhadhiri hajafunga mada.