Mapovu kwenye mabingobingo, vidudu kwenye mahindi

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu masika yalipotulia ninaona mapovu meupe mfano wa mate kwenye mabingobingo ninayowakatia ng'ombe kihambani, na katika shamba letu la tambarare kuna vidudu vinavyoruka kila niguswapo na jani la mhindi. Jirani anasema ni mdudu yuleyule, nipulize dawa kote. Je, ni kweli?
Msomaji, Kibosho, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vema kuuliza kabla ya kubeba bomba. Hao ni wadudu wa koo mbili tofauti, ingawa wakikomaa hata mzoefu huwachanganya, kwa kuwa wote hukunja mabawa mfano wa paa la nyumba, hufyonza utomvu na huruka ghafla. Rangi isikudanganye.

Mkamate mmoja, mtie kwenye chupa angavu, kisha utazame mguu wake wa nyuma kwa lenzi ya mkono. Chawa jani, ambaye wengine humwita jasidi, ana safu za miiba myembamba iliyopangika kama meno ya kitana katika urefu wote wa muundi. Mdudu wa mapovu ana mwiba mmoja au miwili tu, minene, pamoja na taji la vijiba kwenye ncha.

Watoto wao hawahitaji lenzi. Mtoto wa chawa jani hukaa wazi chini ya jani na, ukimsogelea, hukimbia kiubavu kama kaa. Yule mwingine ndiye aliyemo kwenye mapovu yako: pangusa taratibu kwa kijiti utamkuta, mlaini, akifyonza maji yapandayo kutoka mizizini. Maji hayo yana chakula kidogo mno, hivyo hulazimika kuyanywa kwa wingi, na yale anayoyatoa nyuma huyachanganya na hewa hadi yawe povu la kumkinga na jua na maadui. Akikomaa huliacha.

Mapovu machache mabingobingo huyastahimili. Yakate ulishe kama kawaida. Wasiwasi wetu uko kwenye mahindi, kwa sababu chawa jani wa jenasi ya Cicadulina hueneza virusi vya ugonjwa wa milia, ambao huonekana kama michirizi ya njano iliyokatikakatika kufuata mishipa ya jani. Mche uliougua hauponi, na dawa ya wadudu haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Ng'oa miche hiyo ingali michache, na msimu ujao upande mapema mbegu inayostahimili ugonjwa huo.