Maswali na majibu: bastola ya mashindano

"Maalim, Olimpiki ya Paris 2024 tulimuona Mturuki mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, na medali akapata. Kumbe bastola yoyote inafaa?" (Msomaji, Wete)

Hapana, ndugu yangu. Yusuf Dikeç, aliyepata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan, alishika bastola ya upepo iliyotengenezwa kwa mashindano hasa. Alichoacha ni miwani maalumu ya walengaji. Mkono mfukoni ni jambo la kawaida: hulengwa kwa mkono mmoja, na ule wa pili ukining'inia unayumbisha mwili. Tena bastola ile hutiwa kirisasi kimoja kimoja, si ya kujijaza.

"Hiyo ya kujijaza inajijaza vipi?" (Msomaji, Kwahani)

Ukivuta triga, baruti inasukuma risasi mbele na ganda nyuma. Slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, inarudi, ganda linaruka nje, springi inairejesha slaidi ikichota risasi nyingine kwenye magazini. Kila mvuto, risasi moja. Faida yake utaiona kwenye shindano la haraka la mita 25: shabaha tano safu moja, mkono umeinamishwa. Taa ya kijani ikiwaka una sekunde 8 kuzipiga zote. Baadaye 6, mwisho 4. Hapo nani atajaza kwa mkono?

"Ina tofauti gani na bastola anayovaa askari kiunoni?" (Msomaji, Mkokotoni)

Swali hili nimelingoja muda mrefu. Tofauti kubwa ni triga. Ya askari huwa nzito kwa makusudi, mara nyingi hupita kilo mbili, isije ikafyatuka kwa bahati mbaya. Ya mashindano ya mita 25 inaruhusiwa kushuka hadi gramu 1,000, uzito wa pakiti ya sukari. Wasimamizi hawakubali kwa maneno: huning'iniza jiwe la gramu 1,000 kwenye triga, mtutu ukitazama juu, na bastola isipolinyanyua bila kufyatuka haiingii uwanjani. Triga nzuri ina hatua mbili. Kidole kinasogea kidogo, kinagota. Hapo ukiongeza nguvu ya kubonyeza kitufe cha redio, inaachia. Mwenye kuizoea hashtuki, na asiposhtuka mtutu haukengeuki.

Cha pili ni mpini. Ni wa mbao, umechongwa kwa kipimo cha mkono wa mwenyewe, una kikalio kinachobeba upande wa chini wa kiganja. Niliwahi kushika mmoja uliokwisha kutumika miaka: weusi wa jasho umeingia kwenye mbao, na penye pengo chini ya kidole gumba mwenyewe amejaza gundi na unga wa mbao, akapiga msasa mpaka pakajaa. Mkononi mwangu haukukaa hata kidogo. Nilifurahi kuona hivyo, maana ule ulikuwa mkono wa mtu mwingine. Vilengeo pia husogezwa kwa skurubu, juu au pembeni.

"CZ Shadow 2 mbona nzito hivyo?" (Msomaji, Chake Chake)

Fremu yake ni chuma, gramu 1,330 hivi kabla ya risasi, wakati bastola nyingi za plastiki hazifiki 800. Ni ya Wacheki, ya milimita 9, kwa mashindano ya kukimbia na kulenga. Uzito unameza teke, mtutu haunyanyuki sana, na jicho linarudi upesi kwenye kilengeo cha mbele. Kiunoni kutwa nzima ingekuchosha. Uwanjani ni rafiki.

"Baba ana kibali, sisi tunakaa pwani. Kutu?" (Msomaji, Jambiani)

Jasho na hewa ya chumvi. Afute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuishika, apake mafuta kidogo, na asiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu.

"Nina miaka 17, nasoma skuli. Sina bastola wala kibali. Nianzeje?" (Msomaji, Mkunazini)

Mwanangu, Károly Takács wa Hungaria alipasuliwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938. Akajifunza upya kwa kushoto, akachukua dhahabu ya shindano lile la haraka London 1948, na tena Helsinki 1952. Kwa hiyo anza na mkono, bastola itafuata. Tia nukta ya wino ukutani, simama hatua tano mbali, nyoosha chupa ya maji ya nusu lita, shusha pumzi nusu, uizuie. Siku utakayohesabu mpaka kumi ukikunja kidole cha shahada taratibu na shingo ya chupa isitikisike, niandikie tena.