Tuuze mikorosho tukapime jeni?

SWALI: Shikamoo nesi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Mwaka juzi alitolewa figo moja kwa uvimbe wa Wilms, ile saratani ya figo ya watoto, akamaliza dripu zote Muhimbili, tukarudi nyumbani. Sasa picha ya kifua imeonyesha umerudi, uko kwenye pafu. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani anasema kule wanapima jeni za uvimbe na kila mtoto anapewa dawa yake. Baba yake anataka tuuze mikorosho yote 60 tumpeleke. Mtoto naye ananiuliza, mbona umerudi wakati alikubali sindano zote? – Mama, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimehudumu wodi ya watoto hapa Mtwara miaka 22 kabla ya kustaafu, na najua usiku wa picha kama hiyo haulaliki.

Shemeji yako hakukudanganya. Ila hapo kwenye “kila mtoto” ndipo ninapopata hofu. Wewe ni mkulima, utanielewa haraka: salfa inazuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho. Shamba likivamiwa na mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza majani, hata umalize mifuko kumi ya salfa, mbu wako palepale. Kupima jeni ni kuangalia kwanza kilichoshambulia jani. Wanachukua kinyama cha uvimbe, tena huu uliorudi, kwa kuwa ukirudi mara nyingi unakuwa umebadilika, wanatafuta kosa katika jeni zake, yaani yale maagizo yaliyo ndani ya seli, linalousukuma kukua. Kwa mfano, jeni moja ya kundi la NTRK inaweza kukatika ikaungana na jeni nyingine, ikaamuru seli zizaliane bila kukoma. Dawa ya kuzima amri hiyo, larotrektinibu, iliidhinishwa Marekani Novemba 2018, kwa watoto na wakubwa, uvimbe uwe mguuni au shingoni, mradi kosa hilo limeonekana.

Sasa sikiliza hesabu. Mradi wa INFORM, unaoongozwa kutoka Heidelberg, huko Ujerumani, unapima watoto na vijana ambao saratani yao imerudi. Matokeo ya wagonjwa 519 yalitolewa 2021. Takribani 8 katika kila 100 ndio waliokutwa na kosa lenye dawa inayolilenga kwa ushahidi wa nguvu. Kati ya hao, waliopewa dawa hiyo walikaa kwa wastani siku 204 kabla ugonjwa haujasonga mbele. Wagonjwa wengine, siku 117. Kwa mama, siku hizo si chache, sizibezi hata kidogo. Lakini ndizo mume wako anazotaka kuziuzia shamba, bila kujua kama mwanenu yumo katika wale 8.

Na kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa. Uvimbe wa Wilms ukirudi, bado zipo dawa za dripu ambazo mtoto hakupewa mara ya kwanza, na mionzi, na pengine upasuaji. Watoto wengi wamepona kwa njia hiyo. Msiiruke. Rudini Muhimbili wiki hii, msisubiri malipo ya mnada wa korosho. Mkifika, mwambieni ofisa ustawi wa jamii kuhusu nauli na malazi kabla hamjauza hata mti mmoja.

Daktari muulize hivi: atachukua kinyama kipya cha pafuni? Kile cha figo, ambacho maabara huhifadhi ndani ya nta, kipo bado, na namba yake ni ipi? Dawa za awamu ya pili zikishindwa, kuna njia ya kupeleka kinyama nje kikapimwe, mtoto akabaki hapa? Kinyama kinasafiri kwa gharama ndogo kuliko familia.

Beba majibu yote ya zamani, nakala mbili mbili. Nilimpokea mama mmoja ambaye hospitali ya kwanza ilikuwa imepoteza karatasi ya maabara ya mwanawe. Tulikaa wiki tatu tukiitafuta huku tumbo la mtoto linaongezeka. Mpaka leo nikiona bahasha ya kaki namkumbuka.

Kuhusu mtoto. Amekuuliza kwa sababu anadhani kuna kitu alikosea. Mketishe, mwambie wazi: “Hukukosea chochote, ulikubali dawa zote, nami nilikuwepo nikakuona. Zile dawa ziliua seli nyingi, chache zikajificha. Sasa tunakwenda kutafuta dawa nyingine.” Asikuulize mara ya pili ukageuka kuangalia jikoni. Na akitaka kulia, lia naye, kisha mpikie anachokipenda.