Niliandika ClNa, darasa likacheka

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya karatasi yake ya mtihani, wino mwekundu umetapakaa kila mahali. Chini yake kaandika: "Kaka, shikamoo. Majina yote nimekariri, mbona nimefeli?" Nikaikuza picha. Fomula ya hidroksidi ya kalsiamu: CaOH₂. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana karatasi ile ingeweza kuwa yangu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kemia tuliulizwa fomula ya kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya mezani. Mimi nikasoma jina kama lilivyo: kloridi imetangulia, sodiamu inafuata. Nikaandika ClNa. Mwalimu akaliinua daftari langu juu, akalizungusha ili hata wa nyuma waone, akasema, "Huyu ana chumvi yake peke yake." Darasa likaangua kicheko. Miaka imepita, lakini kicheko kile bado nakisikia. Na kinachoniuma ni kwamba sikuwa mjinga. Jina la Kiswahili hutanguliza kloridi, fomula hutanguliza metali, yaani sodiamu: NaCl. Sentensi moja tu, na hakuna aliyenipa.

Miezi iliyofuata siisimulii. Nilikariri, nikasahau, nikakariri tena.

Kilichoniokoa ni boksi kuukuu la viatu. Nililikata kadi, kila chaji nikaipa upana wa kidole kimoja. Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa kwa matabaka: 2, 8, 1. Ile moja ya nje ikiondoka inabaki ioni, yaani atomu yenye chaji ya umeme, hapa +1, basi kadi yake kidole kimoja. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7. Inaipokea ile moja na kuwa −1, nayo kidole kimoja. Magnesiamu viwili, oksijeni viwili, alumini vitatu. Metali napanga mstari wa juu, zisizo metali mstari wa chini, mpaka mistari yote miwili iishie pamoja.

Siku niliyojaribu alumini na oksijeni siisahau. Juu vidole vitatu, chini viwili: pengo. Nikaongeza oksijeni, chini ikawa vinne, imepitiliza. Nikaongeza alumini, juu sita. Oksijeni ya tatu, chini sita. Zimelingana! Al₂O₃. Fomula ile hakuna aliyenimezesha, niliiona kwa macho yangu mezani. Magnesiamu na oksijeni zililingana papo hapo, vidole viwili kwa viwili, ndiyo maana ni MgO na si Mg₂O₂. Fomula ya kampaundi ya ioni ni uwiano mdogo kabisa, si idadi ya atomu zilizojifungia chumba kimoja. Ndani ya punje ya chumvi hakuna molekuli ya NaCl. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloridi, na kila kloridi vivyo hivyo.

Sasa nisikilize, mdogo wangu, na wewe mwingine unayesoma kimyakimya ukidhani hayakuhusu. Acheni kukariri majina kabla ya chaji! Jina halihesabu. MgCl₂ ni kloridi ya magnesiamu, basi. Hakuna cha "dikloridi". Chaji ndiyo inayohesabu. Metali kama chuma zitakusumbua kidogo kwa kuwa zina chaji zaidi ya moja, ndipo zinapoingia namba za Kirumi: kloridi ya chuma (II) ni FeCl₂, ya chuma (III) ni FeCl₃. Hiyo III ni chaji ya chuma, si hesabu ya vyuma. Nimeona watu wakiandika Fe₃Cl na kuapa kwamba mwalimu anawaonea.

Na someni miisho ya majina kwa jicho kali. Sulfidi ni S²⁻, sulfiti ni SO₃²⁻, sulfati ni SO₄²⁻. Herufi moja mbili tu, alama zimekwenda. Kundi la namna hiyo, au OH⁻, likihitajika zaidi ya mara moja, lifungiwe mabano. CaOH₂ inasema oksijeni moja na hidrojeni mbili. Ca(OH)₂ inasema hidroksidi mbili, ndicho kalsiamu yenye +2 inachotaka. Chaji kwanza. Narudia: chaji kwanza.

Nilimjibu kijana hivyo hivyo, nikamwachia zoezi: fosfati ya kalsiamu, huku nikimkumbusha kwamba fosfati ni PO₄³⁻. Usiku huohuo akaleta Ca₃(PO₄)₂, na picha ya vipande vitano vya karatasi vimepangwa juu ya godoro.